Gari ya zamani inachemsha? Safisha mfumo wa maji mwenyewe, nyumbani

Wakuu, niseme hili mapema kabla spana hazijatoka: gari haichemshi eti kwa sababu ni ya zamani. Inachemsha kwa sababu ya maji tuliyoinywesha miaka yote, maji ya kisima yenye chumvi, maji ya ndoo ya car wash, maji ya mtoni siku ilipokwama porini, na kwa sababu ya vitu ambavyo mafundi walivitoa humo ndani wakatuambia nchi yetu ya joto havihitajiki. Ukirudisha vilivyotolewa na ukatoa uchafu ulioingizwa, gari ya miaka 25 inatulia kabisa. Nimeona kwa macho yangu na ndio maana naandika yote hapa bila kuficha kitu.

Gari yangu ni Carina Ti ya 1999, injini 5A-FE ile ya cc 1500. Naiongelea hiyo kwa kuwa ndio niliyoifungua, lakini Corolla za wakati ule, Sprinter, Spacio za injini 4A na 7A, habari ni ileile kwa sehemu kubwa.

Mwaka juzi mwezi wa 12 tunaenda Njombe kusalimia, gari imejaa, mama watoto mbele, watoto nyuma na mizigo ya sikukuu mpaka kwenye miguu. Mpaka Mikumi hakuna neno, mpaka Ruaha Mbuyuni hakuna neno, tumeanza kupanda Kitonga nyuma ya malori yanayotambaa, kona ya tatu hivi mshale wa temperecha ukaanza kunyanyuka, nikazima AC, ukaendelea, nikapata sehemu pana nikaweka pembeni. Nimefungua boneti nimeshika kitambaa nataka kufungua kifuniko cha rejeta (kile kipoza maji kilicho mbele ya injini), mzee mmoja dereva wa lori lililokuwa limepumzika hapo akaniita.

"Kijana, acha hicho kifuniko."

"Shikamoo mzee. Imechemsha, nataka niiongezee maji."

"Marahaba. Sasa ukifungua saa hizi maji yote yanakuja usoni kwako. Washa swichi, usiwashe injini, acha feni izunguke, halafu nenda kaa na watoto kivulini. Lisaa lizima."

Tulikaa lisaa na zaidi. Ilipopoa nikafungua, nikachovya kidole. Yaliyotoka humo hayakuwa maji jamani, ilikuwa rangi ya uji wa ulezi kabisa, mazito, na nikisugua vidole nasikia mchanga mchanga. Ile ilikuwa kutu ya bloku, yaani mwili wa injini wenyewe. Tulifika Njombe usiku kwa kusimama simama, na niliporudi Dar nikaapa sipandi tena mlima mpaka nijue kila kitu kilichomo humo ndani.

Kwanza elewa kinachoendelea, maana ukielewa hutadanganywa. Bloku ya hii injini ni chuma, hedi yake, ile sehemu ya juu ya injini, ni aluminiamu, na rejeta nyingi za sasa ni aluminiamu na vichwa vya plastiki. Ukiweka maji matupu chuma kinaota kutu, na ukiweka maji ya chumvi, ambayo visima vingi vya Dar ndivyo vilivyo, aluminiamu inaliwa na madini yanaganda kwenye zile njia nyembamba za rejeta kama yale magamba meupe ya ndani ya birika. Koolanti, ile dawa ya rangi inayochanganywa na maji ya rejeta, haipo kwa ajili ya barafu tu kama watu wanavyodhani, sisi huku ukiacha kina Makete na Kitulo barafu hatuna shida nayo, kazi yake kubwa kwetu ni kuzuia kutu na kuchelewesha maji kuchemka.

Na hapo kwenye kuchemka kuna jambo. Maji ya wazi pwani yanachemka digrii 100. Njombe mjini ni juu ya mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, kule maji ya wazi yanachemka kwenye digrii 93 au 94 hivi. Sasa injini yenyewe inafanya kazi digrii 80 mpaka 95. Kinachoiokoa ni presha. Kifuniko cha rejeta kilichoandikwa 0.9 (kipimo cha presha) kinabana presha mpaka maji matupu pwani yachemke karibu na digrii 118, na ukiwa na koolanti nusu kwa nusu inasogea juu zaidi. Kwahiyo kifuniko kikilegea mpira wake, unapanda mlima huku maji yako yanachemka mapema, gari inayotembea Dar miaka mitatu bila tatizo inaumbuka Kitonga. Changu mpira ulikuwa umekauka na kupasuka kama kisigino cha mtu asiyepaka mafuta. Kile kidude kidogo cha bei ndogo kuliko vyote ndio watu hawakibadilishi.

Kabla hujamwaga maji hakikisha gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya bloku na hedi, haijaungua, maana kama imeungua unasafisha bure. Asubuhi injini ikiwa ya baridi kabisa, fungua kifuniko cha rejeta, jaza maji mpaka shingoni, washa, angalia. Mapovu machache mwanzoni ni hewa tu, ila kama yanakuja mfululizo bila kukoma na maji yanarushwa nje, hiyo ni gesi ya kwenye silinda. Angalia pia kifuniko cha oili kwa ndani na kijiti cha kupimia oili, ukikuta kitu kama mtindi mzito wa rangi ya kahawa kwenye oili, simama hapo hapo, usiendeshe. Moshi mweupe mwingi kwenye eksozi hata injini ikishapata moto, au hozi ya juu (bomba la mpira linaloingia juu ya rejeta) inakuwa ngumu kama jiwe ndani ya dakika moja tangu uwashe gari ya baridi, ni ishara za huko huko. Hayo ni ya kufungua hedi, nenda kwa fundi wa injini unayemwamini.

Kama uko salama, tafuta hivi: beseni pana la kukingia, madumu matatu manne ya lita 5 ya kuwekea maji machafu na kupimia, plaizi ya kubania zile klipu za springi, bisibisi, spana 10 na 12, mpira wa maji wa bustani, glavu, na miwani kama unayo. Vya kununua ni koolanti nzito isiyochanganywa lita 4 (utatumia 3), maji ya betri lita 12 hivi, themostati mpya (valvu inayofungulia maji njia ya rejeta injini ikipata moto) na gasketi yake, kifuniko kipya cha rejeta chenye namba ileile ya kile cha zamani, na dawa ya kusafishia rejeta kama maji yako ni kama yangu. Hapo kwenye maji ya betri kuwa makini sana, sema unataka yale yaliyochujwa ya kuongezea kwenye betri, na usome lebo mwenyewe kabla ya kuondoka dukani, maana kuna chupa nyingine zinafanana ila ndani ni asidi na wauzaji wengine vyote wanaviita maji ya betri. Asidi ikiingia kwenye injini umeua hedi na rejeta kwa mkupuo.

Rangi ya koolanti isikuchanganye. Toyota za miaka ile zilikuja na nyekundu ya kubadilishwa kila miaka 2 au kilomita 40,000, baadaye ikaja ile ya pinki inayokaa muda mrefu zaidi. Lakini rangi ni rangi tu, kila kampuni inapaka inavyotaka, kijani cha huyu si kijani cha yule. Soma nyuma ya dumu kama imeandikwa inafaa injini za aluminiamu na magari ya Kijapani. Usichanganye aina mbili, nyingine zikikutana zinaganda kama ute. Na usijaze koolanti tupu bila maji ukidhani ndio ubora, ikizidi sana inabeba joto vibaya kuliko ikichanganywa.

Sasa kazi. Gari iwe imelala usiku mzima, ya baridi, imesimama sehemu ya tambarare, hendibreki juu, tairi imewekewa jiwe. Chomoa waya wa negativu wa betri kwa sababu mikono yako itakuwa karibu na feni, na feni ya umeme haikupigii hodi. Fungua kifuniko cha rejeta, halafu chini ya rejeta kwenye kona tafuta koki ya plastiki ya kumwagia, ifungue kwa mkono taratibu, kama ni ngumu tumia plaizi kwa upole sana, hiyo plastiki imepikwa miaka 20 na kitu, ukiilazimisha inakatikia ndani. Yangu ilikataa kabisa, sikubishana nayo, nikachomoa hozi ya chini ya rejeta. Ukichomoa hozi iliyoganda usiivute kwa nguvu kama unang'oa muhogo, izungushe kwanza kushoto kulia mpaka iachie, shingo ya rejeta nayo ni plastiki.

Pima yaliyotoka. Mfumo wote wa hii gari unaingia kama lita 6 ukihesabu na hita ya kupasha joto ndani ya gari na rizava, ile chupa ya plastiki ya maji ya akiba, mimi mara ya kwanza zilitoka 3 tu. Hii ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Maana yake nusu imebaki kwenye bloku na hita. Kwenye bloku kuna plagi yake ya kumwagia, kama unaijua na inafunguka vizuri ifungue, kama imeganda kwa kutu iache, usije ukaikata ukajipa kesi nyingine. Ukiiacha ina maana kila ukimwaga unatoa nusu: mara ya kwanza uchafu unabaki nusu, ya pili robo, ya tatu moja ya nane, ya nne moja ya kumi na sita. Ndio maana mtu anayemwaga mara moja akajaza koolanti mpya anashangaa wiki mbili baadaye imekuwa kahawia tena. Hajasafisha, amepunguza tu.

Toa rizava nayo uioshe peke yake. Mimi niliweka mchele mkavu na maji kidogo nikatikisa mpaka ukutani pakawa peupe, tope lililokaa chini pale ni lile lile linalonyonywa kurudi kwenye rejeta gari ikipoa.

Halafu themostati. Hapa nitakaa kidogo maana hapa ndipo tunapodanganywa zaidi. Nilipofungua nyumba ya themostati, ambayo kwenye injini hizi iko upande ambao hozi ya chini inaingilia kwenye injini, ndani hamna kitu. Tupu. Fundi fulani huko nyuma alishaitoa. Wanakwambia bosi hii ni ya nchi za baridi, toa maji yatembee huru. Kaka yangu dada yangu, usikubali. Kwenye hizi Toyota themostati ina valvu mbili, ikifungua njia ya rejeta kwa mbele inaziba njia ya mkato kwa nyuma. Ukiitoa, ile njia ya mkato inabaki wazi muda wote, sehemu ya maji ya moto inazunguka ndani ya injini bila kupita kwenye rejeta, na kitabu cha ufundi cha Toyota chenyewe kinaonya usiitoe hata kama injini inachemsha kwa sababu unapunguza uwezo wa kupoza. Kwenye foleni ya Ubungo unaweza usione tofauti, mlimani utaiona. Na ukitembea na injini isiyofika joto lake, kompyuta inaona bado ya baridi inaongeza mafuta, petroli inaisha na oili inachafuka haraka. Kwa hiyo pesa ya themostati unailipa tu, kama si dukani basi sheli.

Hata mpya niliipima kabla ya kuiweka, maana feki ni nyingi. Nikachukua sufuria chakavu ambayo haitapikiwa tena, nikaining'iniza themostati kwa uzi isiguse chini, nikawasha gesi moto mdogo na kipimajoto cha jikoni ndani. Ilikaa kimya, digrii 70, 75, 80, halafu kwenye 82 nikaona ule mdomo wa shaba unaachia taratibu kama mtu anayefumbua jicho, na mpaka 95 ilikuwa imefunguka wazi kama milimita 8 au 9. Hivyo ndivyo inavyotakiwa, ianze kati ya 80 na 84. Nilinunua mbili siku ile, moja kwenye 90 ilikuwa bado imefunga, hiyo ingeniua mlimani. Usiirudishe kwanza kwenye gari lakini, wakati wa kusafisha acha nyumba yake tupu ufunge tu na gasketi ya zamani, ili maji yazunguke hata bila injini kupata moto sana.

Sasa kuosha. Kama maji yaliyotoka ni masafi kiasi, rangi ya koolanti bado inaonekana, huhitaji dawa, maji tu yanatosha. Kama ni uji kama wangu, jaza maji ya bomba, weka dawa ya kusafishia rejeta kwa kipimo kilichoandikwa na si zaidi, rudisha waya wa betri, weka hita kwenye moto kabisa, funga kifuniko, washa gari uiache iungurume kwa muda ulioandikwa kwenye chupa. Usiweke sabuni ya unga, inatoa povu na povu halibebi joto. Usiweke dawa ya choo wala magadi wala asidi ya aina yoyote ya kienyeji, aluminiamu inaliwa haraka mno. Nimesikia pia watu wanaweka bizari ya manjano au tumbaku kuziba rejeta inayovuja, kweli inaziba, inaziba na hita na zile njia nyembamba ambazo ndizo zinapoza gari.

Hiyo hita usiisahau. Sisi watu wa joto tunakaa miaka kumi hatujaifungua, valvu yake imefungwa, maji ya ndani yamelala yanaoza. Ukisafisha bila kufungua hita uchafu wote wa humo utarudi kwenye mfumo siku ukiifungua. Kama ukikuta hozi za hita zimeunganishwa moja kwa moja nje, bomba kwa bomba, ujue iliwahi kuvuja na mtu akairuka, haina shida kubwa ila umepoteza msaada mmoja: gari ikitaka kuchemsha mlimani ukifungua vioo ukaweka hita moto mpaka mwisho na feni ya ndani mpaka mwisho, inatoa joto kiasi cha kukufikisha sehemu salama ya kusimama. Watoto watalia joto lakini injini itapona.

Ukimaliza muda wa dawa zima, subiri ipoe kabisa, mwaga, kinga kwenye beseni. Jaza maji ya bomba, washa dakika kumi hita ikiwa wazi, zima, subiri ipoe, mwaga. Tena. Tena. Usiweke maji ya baridi kwenye injini ya moto kwa kuharakisha, hedi inapinda au inapasuka, na hiyo ni gharama ya gari nzima kwa hizi gari zetu. Mimi nilitumia Jumamosi mbili. Kila mzunguko nilijaza maji yaliyotoka kwenye chupa ya maji ya kunywa nikaziweka mstari ukutani, ya kwanza uji wa ulezi, ya tatu chai ya maziwa, ya tano chai ya rangi, ya saba ndio nikaona kidole changu upande wa pili. Mizunguko miwili ya mwisho tumia maji ya betri, kwa sababu yale yatakayobaki kwenye bloku ndiyo utakayoishi nayo.

Kama unaweza, katikati ya hiyo kazi osha rejeta kwa kinyume pia. Chomoa hozi zote mbili, chomeka mpira wa bustani shingo ya chini, zungushia kitambaa, fungua maji taratibu yatokee juu. Presha ndogo tu, ukifungulia yote unaachanisha plastiki na aluminiamu. Kwa nje nayo ipulizie maji kutoka upande wa injini kwenda mbele, wadudu na vumbi viliingilia mbele, vitokee walikoingilia. Zile bati nyembamba zikilala hewa haipiti, zinyooshe kwa kitu laini.

Nikuambie ukweli ambao wengine hawakuambii, gari iliyokaa na kutu muda mrefu ukiisafisha inaweza ikaanza kuvuja, kwa sababu kutu ndiyo ilikuwa inaziba tundu. Yangu ilionyesha unyevu kwenye maungio ya rejeta siku ya tatu, nikanunua rejeta. Nilisononeka lakini bora ivuje uani kwangu kuliko Kitonga usiku na watoto. Na rejeta ya aluminiamu na plastiki haizibuliwi kwa waya kama zile za shaba za zamani, ikiziba sana ni kubadilisha.

Hozi zibinye zikiwa za baridi. Iliyo nzima inarudi ikiachiwa. Ikiwa laini kama sambusa iliyolala, au ina mipasuko karibu na klipu, au imevimba, badilisha. Wota pampu, ile inayosukuma maji yazunguke, angalia chini yake kuna kitundu kidogo, ukiona michirizi mikavu ya rangi ya koolanti au chumvi nyeupe, sili imeanza kuchoka. Kwenye 5A pampu inazungushwa na mkanda wa altaneta, kwahiyo mkanda uliolegea unapunguza mpaka mzunguko wa maji.

Sasa rudisha themostati. Ina kitundu chenye kipini kidogo kinachochezacheza, hicho kiangalie juu, ndipo hewa inapotokea. Safisha uso wa nyumba yake, gasketi mpya, funga nati mbili kwa usawa bila kukomoa. Rudisha hozi, klipu, koki.

Kujaza kuna hesabu ndogo. Lita 6 nusu kwa nusu maana yake koolanti nzito lita 3. Lakini kumbuka kwenye bloku kuna lita 3 za maji ya betri zimebaki, kwahiyo ukinunua ile iliyochanganywa tayari ukamwaga juu, unapata mchanganyiko dhaifu. Ndio maana nilisema nunua nzito. Mwaga kwanza lita 3 za koolanti taratibu kabisa, halafu malizia na maji ya betri mpaka shingoni. Rizava ijaze mpaka mstari wa juu kwa mchanganyiko nusu kwa nusu.

Kutoa hewa ndio kunawashinda wengi, wanafunga kifuniko wanaondoka, kesho gari inachemsha wanasema kusafisha kumeharibu. Paki pua ya gari ikiwa juu kidogo, kifuniko wazi, hita moto kabisa, washa bila kukanyaga mafuta. Minya hozi ya juu mara kwa mara, utaona mapovu yanapanda, maji yanashuka, ongeza. Baada ya muda gusa hozi ya chini, ilikuwa ya baridi, ghafla inapata joto, hapo themostati imefunguka. Subiri feni iwake na kuzima mara mbili. Maji yakianza kupanda kufurika funga kifuniko. Ukisikia ndani ya dashibodi sauti kama maji yanayomiminwa kwenye mtungi bado kuna hewa kwenye hita. Endesha mtaani dakika 20, rudi, acha ilale, asubuhi fungua uongeze. Mimi iliingia karibu nusu lita asubuhi ile.

Feni kama haiwaki yenyewe usikimbilie kuiunga dairekti kama tunavyozoea. Kwenye hizi Toyota za miaka ya 90, washa swichi bila injini, chomoa waya wa swichi ya joto ya feni, feni inatakiwa izunguke. Ikizunguka, mota, relei na fyuzi ni vizima, badilisha hiyo swichi. Isipozunguka anza na fyuzi, relei, halafu mota.

Maji machafu uliyokusanya usimwage mtaroni wala uani. Koolanti ni sumu na ina utamu, mbwa, kuku, mbuzi na hata mtoto mdogo anaweza kuilamba, na kidogo tu kinaua figo. Funga kwenye madumu, andika juu SUMU, weka mbali na jikoni, uulize gereji inayokusanya oili chafu kama wanapokea.

Baada ya hapo kazi ni ndogo sana. Kila Jumamosi kabla ya kuwasha angalia rizava tu, haina haja ya kufungua rejeta. Ikishuka kidogo kwa miezi ni kawaida, ikishuka kila wiki inavuja mahali, tafuta. Ukiona gari ikipoa hozi ya juu imejibana imekuwa bapa, au rizava inajaa lakini hairudishi maji, kifuniko kimekufa au kuna mahali pananyonya hewa. Koolanti nyekundu mwaga kila miaka 2 hata kama inaonekana nzuri, dawa ya kutu inaisha kabla rangi haijaisha, na mara hii hutahitaji mizunguko saba. Kwenye buti weka lita 2 za mchanganyiko uleule, ili ukipungukiwa safarini usiombe maji ya mtu.

Na kitu cha mwisho nilichofanya, nilichukua selotepu ya karatasi nikabandika ndani ya boneti juu ya rejeta, nikaandika kwa kalamu nene: KOOLANTI NYEKUNDU NA MAJI YA BETRI TU, USIONGEZE MAJI, tarehe niliyobadilisha na kilomita. Maana kijana wa kuosha gari kwa nia njema kabisa anaweza kukufungulia akakujazia ndoo ya kisima wewe ukiwa umekaa unakunywa soda.